Mguu Uliotafuta Breki

Saa kumi na moja na nusu jioni Martini alifunga kisanduku cha chanjo nyuma ya pikipiki, akavaa koti lake la kijani lenye kiraka cha ngozi mgongoni, akawaaga wazee wa Nainokanoka. Tangu asubuhi alikuwa akichanja ng'ombe. Nyumbani, kule chini Karatu kwenye ukingo wa msitu, mkewe Bernadina alikuwa peke yake na mimba ya miezi mitano. Mbili za kwanza zilitoka. Hii ya tatu hawakuitaja hata kwa majirani, maana aliyepewa mara mbili akanyang'anywa mara mbili hujifunza kunyamaza.

"Lala hapa, bwana mifugo," mzee Senteu alimwambia. "Ukungu imeshuka. Nyati iko njiani."

"Mke wangu yuko peke yake, mzee."

"Basi nenda pole pole."

Angeweza kwenda pole pole kama angekuwa na pikipiki yake ya zamani. Miaka tisa aliendesha chuma kizito cha Kiingereza, tangi kama tumbo la ng'ombe, sauti ya kusikika vilima viwili kabla hajafika. Wafugaji walimwita Dume. Lakini huo ulikuwa mwaka 1980, petroli inatoka kwa kibali, na Dume alikuwa mlevi. Ofisi ikamweka kando, ikaleta Mjapani mwembamba, mrefu, mwenye magurudumu yenye meno, mwepesi hata mtu mmoja alimwinua bila kuguna. Watoto wa Nainokanoka wakambatiza Mbuzi siku ile ile.

Kasheshe ilikuwa miguuni. Kwa Dume, gia zilikaa mguu wa kulia, breki mguu wa kushoto. Kwa Mbuzi ilikuwa kinyume.

"Umeshuka kwenye tembo umepanda swala," Clemensi, fundi wake wa Karatu, alimtania. "Hongera. Ila zunguka naye uwanjani mwezi mzima kabla hujapanda mlima."

"Mwezi mzima? Mimi mtoto?"

"Kichwa chako kimeelewa, bwana Martini. Mguu bado. Na siku ya hofu mguu hauulizi kichwa."

Martini alicheka. Siku ya nne alikuwa ameshapanda mlima. Kiburi si maungwana, lakini nani humwambia mwenye nacho?

Sasa alikuwa ndani ya ukungu. Taa ilimulika weupe mtupu. Matone yalidondoka kwenye kofia, tap... tap... Kilomita tatu kutoka kijijini, alipoingia kona ya pili, akasikia harufu. Maziwa. Na moshi wa oloirien, ule mti ambao kaa lake hufukizia vibuyu vya maziwa.

Halafu akamwona.

Msichana, katikati ya njia, kibuyu begani.

Mguu wa kushoto ukakanyaga kwa nguvu zote.

Hapakuwa na breki pale. Palikuwa na gia. Injini ikapiga yowe, gurudumu la nyuma likateleza kwenye tope, Mbuzi akaenda ubavu ubavu. Kishindo hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama cha mtu anayetua mzigo.

Martini aliinuka. Alikuwa mzima. Kibuyu kilikuwa kikiviringika chenyewe barabarani, shanga zake zikigonga mawe.

Alikuwa Nanyokie, binti wa mzee Senteu. Kila asubuhi ya chanjo ndiye aliyemletea Martini maziwa, akicheka jinsi anavyoyapuliza. Sasa alikaa kando ya njia, mguu umekunjika pasipokunjika, damu mdomoni. Hakulia. Alinyoosha mkono, akang'oa kishungi cha majani mabichi, akamwelekezea.

"Bwana mifugo..."

Kwa Wamaasai, anayekunyooshea majani mabichi amekushika, huwezi kumpita. Hata mwenye mkuki hushusha mkuki. Martini aliwahi kuona wazee wawili walioapiana kifo wakiishia kugawana ugoro kwa ajili ya majani tu. Alijua. Angeweza kukitupa kile kisanduku cha chanjo, akampakia, akarudi kilomita tatu.

Akawaza morani na mikuki yao. Akawaza kazi. Akawaza Bernadina, na hilo ndilo alilojiambia kwa sauti, kwa sababu ndilo lililosikika vizuri.

"Nitamwambia mtu aje," alinong'ona.

Hakumwambia mtu. Ajali haina kinga, na hapo sote tungemsamehe. Lakini kukimbia kuna kinga. Nayo ni kusimama tu.

Nyuma yake, ndani ya ukungu, fisi alilia mara moja.

*

Wiki iliyofuata alirudi Nainokanoka, maana asiyerudi hujitangaza. Senteu alimngoja penye boma la chanjo. Alikuwa amenyoa nywele.

"Yule mtoto wangu wa maziwa," mzee alianza, na Martini akatambua kwamba jina halitatajwa. Wafu hawatajwi kule. "Fisi ilimaliza kazi yake. Lakini mkono tulikuta. Majani iko ndani."

Martini alikazana kupanga sindano.

"Fisi haiombwi na majani, bwana mifugo. Aliomba mtu." Mzee alimtazama bila ukali wowote. "Wewe unapita pale. Uliona mtu?"

"Sikuona mtu, mzee."

"Basi. Kama wewe hukuona, hakuna aliyeona."

Kisha Senteu akampa kibuyu cha maziwa ampelekee mkewe, wamtunze huyo aliye tumboni, ambaye mzee alimkisia mwenyewe tangu jioni ile ya haraka. Hilo lilimuuma Martini kuliko kama angepigwa kofi. Alipofika konani, jua likizama, alishindwa kukibeba. Akakifungua, akayamwaga maziwa kwenye tope, akapanda haraka.

Mbuzi akabonyea nyuma.

Dume asingesema kitu. Dume ungempakia magunia mawili asijali. Mbuzi alikuwa mwepesi, alisema kila kitu. Springi zililia... kwii... zikashuka, zikatulia. Kama mtu amekaa.

Martini hakugeuka. Harufu ya maziwa na moshi ikamjaa puani. Pumzi baridi ikagusa kisogo. Kisha, taratibu, kitu kibichi kikapita juu ya bega lake, kikamgusa shavu.

Majani.

Aliendesha mpaka lango la msitu akilia kama mtoto. Hapo springi zikainuka.

Ikawa hivyo kila safari. Julai, Agosti, Septemba. Jioni, kona ile, kwii... na mkono. Alinyooshewa tu majani, na kila mara hakuyapokea, kwa sababu kuyapokea kungekuwa kukubali, na kukubali kungekuwa kwenda kwa Senteu.

Usiku mmoja Bernadina aliyakuta mfukoni mwa koti. Mabichi, yana umande.

"Haya ni ya nini?"

"Ya ng'ombe."

Bernadina aliyageuza kiganjani. "Martini, kama umegusa mauti, sema. Kwetu Wairaqw mtu wa namna hiyo hutengwa, halali nyumba moja na mjamzito. Nitakupikia nje mpaka siku zako ziishe. Sitakuuliza zaidi. Sema tu, mtoto huyu akae."

Angalia basi jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Neno moja, na godoro kwenye banda la nje.

"Hakuna kitu," alisema Martini, akapanda kitandani.

*

Mwanzoni mwa Oktoba aliiambia ofisi kwamba Mjapani anamtesa mgongo. Clemensi akamfufua Dume, akimsuta Martini kidogo: "Ulipanda swala, sasa unarudia tembo?" Mbuzi akafungwa mnyororo ndani ya stoo ya ofisi.

Martini alipita konani juu ya Dume. Hakuna harufu. Hakuna uzito. Alilala usingizi wa kwanza tangu Juni, akidhani amemwacha binti wa watu kwenye kiti cha Mbuzi.

Siku ya sita uchungu ukamshika Bernadina, kabla ya wakati wake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Mama Blandina, jirani yao mkunga, alimpapasa tumbo akatoka nje amekunja uso.

"Mtoto amekaa vibaya. Mpeleke hospitali sasa hivi. Yuko hai, anapiga teke. Usichelewe."

Wakamfunga Bernadina kwa kanga mbili mgongoni mwa mumewe. Dume akanguruma, wakaanza kuteremka. Barabara ya kwenda Karatu mjini ilikuwa kavu, njia nyeupe.

Kisha ukungu ukashuka kutoka msituni. Ukungu wa juu haufiki kule chini. Siku ile ulifika.

Harufu... Maziwa. Moshi wa oloirien.

"Martini," Bernadina alinong'ona sikioni mwake. "Nani amekaa nyuma yangu?"

Mbele, kwenye mwanga wa taa, alikuwa amesimama Nanyokie. Mguu umekunjika pale pale. Mkono umenyooshwa, na majani yake.

Mguu wa kulia wa Martini ukakanyaga kwa nguvu zote.

Miezi mitatu na Mbuzi ilikuwa imeufunza vizuri. Lakini huyu alikuwa Dume. Breki yake ilikuwa kushoto. Kulia palikuwa na gia, na gia ikapanda, na Dume akaruka mbele kama aliyefunguliwa kamba. Alipita pale aliposimama msichana. Hakugonga kitu. Hapakuwa na kitu.

Mtaro ulikuwepo.

Alipopata fahamu alikuwa chini, Dume amemlalia mguu wa kulia. Akasukuma. Mbuzi angemwinua kwa mkono mmoja. Dume hakutikisika. Kanga zilikuwa zimekatika. Bernadina alikuwa hatua tano kutoka kwake, barabarani, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Anapiga teke bado," alisema kwa sauti ndogo. "Martini, anapiga teke. Ita mtu."

Akaita. Ukungu ukameza.

Ndipo akasikia injini. Nyepesi, kama cherehani. Pikipiki ilikuwa ikiteremka. Martini alimshukuru Mungu kwa lugha zote alizozijua. Taa ikatokea, ikawamulika, ikasimama.

Hakuweza kuinuka. Hakuwa na kitu cha kupunga. Mkono wake ukatambaa kando ya mtaro, ukang'oa majani, ukayanyoosha.

Mwendeshaji hakushuka. Nyuma ya pikipiki palikuwa na kisanduku cha chanjo. Koti lake lilikuwa la kijani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikanyaga hewa, ukitafuta kitu... ukitafuta...

"Nitamwambia mtu aje," yule mtu alinong'ona.

Martini aliijua ile sauti. Alikuwa nayo kooni maisha yake yote.

Taa ikageuka. Alipopita, mwanga ulikigusa kile kiraka cha ngozi mgongoni.

*

Mama Blandina, aliyeona ukungu akaogopa, ndiye aliyewafuata na taa ya chemli na vijana wa kubeba. Ilikuwa imepita saa nzima. Mtoto alikuwa wa kiume. Mkunga alisema kama wangemwahi nusu saa mapema angelia.

Clemensi alikwenda kufungua stoo ya ofisi asubuhi ile, baada ya kusikia habari. Mnyororo ulikuwa umefungwa, kufuli mahali pake, vumbi sakafuni bila alama. Mbuzi alikuwa pale. Clemensi akagusa injini kwa mazoea ya fundi, akaurudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto. Mlinzi aliapa kwa Biblia kwamba hakuna aliyeingia. Clemensi naye hakulisema jambo hilo mpaka miaka ilipopita.

Hospitalini Bernadina alilala ameelekea ukutani siku mbili. Siku ya tatu akageuka.

"Yule aliyepita, nilimwona uso."

"Ilikuwa ukungu, Bernadina."

"Nilimwona." Hakuwa akilia. "Usiniambie alikuwa nani, namjua, nimelala naye miaka saba. Niambie kitu kimoja tu. Kabla yetu sisi, ni nani aliyekunyooshea majani ukampita?"

Hapo ndipo Martini alisema. Yote, tangu harufu mpaka fisi. Lile neno moja aliloombwa akiwa bado na mtoto, alilitoa mtoto akiwa ameshazikwa. Bernadina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita kaka yake, akaondoka naye kwenda kwao Mbulu. Hakurudi, wala hakumtukana.

Mguu wa kulia haukunyooka tena. Siku alipoweza kusimama kwa fimbo, Martini aliomba lifti ya gari la mahindi mpaka juu, akashuka konani, akang'oa majani yaliyokuwa yakidondosha umande. Akaenda kwa miguu kilomita zile tatu mpaka boma la Senteu, mkono umenyooshwa mbele tangu mlangoni. Alitaka kuchomwa mkuki. Alitaka kusamehewa. Hata yeye hakujua alitaka lipi zaidi.

Aliyasema mbele ya mzee, amepiga magoti, bila kutaja jina. Morani wawili walisimama. Senteu akawaashiria wakae.

Mzee akainama, akautazama ule mkono.

"Yule alikupa majani mbichi," alisema. "Wewe unaniletea majani gani?"

Martini akatazama kiganjani. Yalikuwa yamekauka, meupe kama ya kiangazi, yanavunjika vidoleni, na yalinuka maziwa.