Mshahara Unaofika Mkononi

Mkadam alikuwa mshona kofia. Kila asubuhi alikaa mlangoni pa nyumba yake, Mkunazini, kitambaa cheupe kikiwa gotini. Alizungushia uzi vitobo vidogo vidogo, kimoja baada ya kimoja, mpaka ua likatokea. Kofia moja ya viua humla mtu miezi, na anayeivaa hajui.

Binti yake, Maisara, alishona pamoja naye kila alipopata nafasi. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, marehemu Riyama. Riyama alikuwa na neno lake moja: "Huyu atakuwa mwalimu." Alilisema jikoni, akalisema hospitali. Amefariki, neno limebaki ndani ya nyumba.

Mwaka huo Maisara alimaliza kidato cha sita, akafaulu. Siku hiyo hiyo redio ikasema nchi inataka walimu. Mambo mengine redio haikuyasema.

Akaja mtu wa chuo kimoja cha kulipia, anagawa karatasi mtaani.

"Ualimu wa historia nafasi ipo," alisema. "Mkopo wa serikali utalipa sehemu ya ada. Iliyobaki mzee atahangaika. Soma chochote, binti, mwalimu ni mwalimu tu."

Hiyo iliyobaki ilikuwa kubwa. Mkadam akaenda Darajani kwa Nadir, mwenye duka la kofia.

"Nitakulipia," Nadir alisema. "Lakini kofia zote za nyumba yako, zako na za mtoto, zije kwangu mpaka deni liishe."

"Kwa bei gani?"

"Bei tutaona huko mbele. Kwani sisi si ndugu, mzee wangu?"

Mkadam alimjua ndugu wa namna hiyo. Lakini mtoto wa Riyama lazima asome. Akaomba afikirie mpaka Ijumaa.

Alhamisi, baada ya alasiri, jirani yao Bi Mwanapili alipiga hodi. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa skuli ya sekondari. Alikuja kutazama kofia ya mumewe.

"Haijesha, Mwalimu," Mkadam alisema. "Bwana Suhaib ana kichwa kikubwa, nyuzi zinaniishia."

"Mwambie mwenyewe, mimi simo!" Bi Mwanapili alicheka, akaketi.

"Shikamoo, Mwalimu," Maisara aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda chuo."

"Anakwenda," Mkadam alidakia. "Kesho nampa Nadir mkono wangu."

Akamweleza yote. Bi Mwanapili akaacha kucheka.

"Mzee Mkadam, umeuliza mwalimu anapata nini?"

"Mshahara! Si unapata wewe?"

"Haya. Kofia hii ukiiuza, pesa yote yako?"

"Yangu wapi! Nitoe ya kitambaa, ya nyuzi, nimpe na aliyenichorea maua. Inayobaki ndiyo yangu."

"Na mshahara ni vivyo hivyo. Kuna ule wa kwenye karatasi, na kuna unaofika mkononi. Kodi inakatwa, mchango wa uzeeni unakatwa, na mkopo wa chuo unakatwa. Mimi nnakatwa mpaka leo, na mwanangu mkubwa anaota ndevu."

Sindano ya Maisara ilisimama. "Kwani mkopo unalipwa? Wenzangu wanasema ile pesa ya serikali, haidaiwi."

"Inadaiwa. Na ukishaajiriwa hawana haja ya kukufuata nyumbani. Wanakata huko huko."

Mkadam alipandwa na hasira. "Wakubwa hao! Nionyeshe mtoto wa mkubwa mmoja aliyesomea ualimu. Wetu ndio wakope, wasome, halafu wakae barazani wakingoja ajira. Na hata hilo la kukatwa hatuambiwi mpaka tushanasa!"

"Kweli tupu," Bi Mwanapili alisema. "Lakini maneno hayo hayalipi ada. Wakubwa tuwaseme, na hesabu tupige. Maisara, kwa nini historia? Matokeo yako ya hesabu na fizikia nshayaona, ni mazuri."

"Yule wa chuo alisema hiyo ndiyo yenye nafasi."

"Nafasi ya kusoma au ya kuajiriwa? Skulini kwetu walimu wa historia wanagombania vipindi. Wengine wanajitolea, wanapewa nauli tu. Darasa la fizikia limekaa muhula mzima bila mtu. Sisemi kila pahala ni hivyo. Nenda kaulize, lakini uliza kabla hujakopa." Akamgeukia Mkadam. "Na kwa nini chuo cha kulipia? Cha serikali ada yake ndogo. Shahada ile ile, mshahara ule ule. Linalozidi ni deni."

Mkadam aliweka sindano chini. Akaitazama kofia, akaanza kupiga hesabu mwenyewe, kwa sauti.

"Huyu asome. Angoje kazi, Mungu anajua mpaka lini. Apate, serikali ikate chake. Na jioni akitoka skuli..."

"Nishone kofia za Nadir," Maisara alimalizia. "Kwa bei ya Nadir."

"Riyama alitaka mwalimu!" Mkadam alisema. "Hakutaka mtumwa wa kofia!"

Macho ya Maisara yalilengalenga machozi. "Na nikikosa chuo cha serikali, baba? Si nitakosa vyote?"

"Maombi ya awamu ya pili hayajafungwa," Bi Mwanapili alisema. "Tukianza leo tunawahi. Ukikosa, kuna stashahada ya ualimu wa sayansi. Muda wake mfupi, na deni lake dogo. Utajiendeleza ukiwa kazini."

Ijumaa Mkadam alikwenda dukani. "Ahsante, Nadir. Sitaki."

"Utarudi tu, mzee."

"Nitarudi. Kofia mkononi, bei mdomoni."

Wiki iliyofuata baba na binti walizunguka skuli kadhaa, mjini mpaka Mkokotoni. Kila skuli waliuliza jambo moja: mnakosa walimu wa nini? Mwalimu mkuu mmoja alicheka, akasema hajapata kuulizwa hilo na mzazi. Jibu lilikuwa karibu lile lile kila walikokwenda: hesabu na sayansi. Maisara akaomba hesabu na fizikia, chuo cha serikali. Walingoja kwa roho juu. Akapata.

Haikuwa rahisi. Mkopo haukutosheleza kila kitu. Maisara alikaa nyumbani, alishona wakati wa likizo, na hakukopa zaidi ya haja yake. Mkadam aliuza kofia kwa aliyetoa bei nzuri. Nadir alipoona kofia nzuri zote zinakwenda duka la jirani, naye akapandisha bei. Maisara alipomaliza chuo, ajira haikuja mara moja. Hilo walilitarajia, kwa hiyo halikuwavunja. Maisara alifundisha tuisheni mpaka alipopangiwa skuli ya Mkokotoni.

Mwisho wa mwezi wake wa kwanza kazini alirudi nyumbani. Baba yake alikuwa mlangoni, kitambaa gotini.

"Wamekata?" Mkadam aliuliza kabla ya salamu.

"Wamekata, baba. Kama tulivyopiga hesabu."

"Imebaki ya kutosha?"

Maisara alifungua mkoba. Akatoa nyuzi nyeupe, mpya, zile nzuri ambazo Mkadam alizoea kuzichukua dukani kwa deni. Akaziweka gotini pake.

"Hizi hazidaiwi," alisema.

Mkadam alikata uzi, akaulambisha mate, akautunga kwenye sindano. "Kaa hapa, Mwalimu," alimwambia binti yake. "Bwana Suhaib kichwa chake kimezidi kukua."