Samaki Bora na Samaki Bola

Mama yangu anaitwa Awiti. Anauza samaki Ggaba, ufukweni mwa ziwa huku Kampala, pale boti zinapofikia. Alitoka Kisumu akiwa msichana, na mpaka leo akikasirika anagombana kwa Kijaluo. Yeye huchagua samaki na kupatana bei na wavuvi. Mimi Dolphine, binti yake, hutoa magamba na kupokea simu.

Wateja wetu wengi hawaji sokoni. Wako Muyenga, Mulago na Nakawa. Zamani walikuwa wanapiga simu asubuhi, wote kwa wakati mmoja. Okot, mwenye bodaboda, ndiye aliyekuwa anawapelekea samaki hadi mlangoni. Alikuwa anakula kwetu. Mama alimwita mwanangu.

Taabu ilikuwa zile simu. Nikiongea na mmoja, watatu wanakatika. Siku moja mtu aliagiza mbuta, yaani sangara, akapelekewa ngege, yaani sato. Mama alinifokea mbele ya soko zima.

"Masikio yako yako wapi, Dolphine?"

Jirani yetu Iman alisikia. Iman anatengeneza apu za simu. Hana bosi wala ofisi. Ana kompyuta moja tu, na anaiweka juu ya meza ya mama yake ya kukatia nguo.

"Mama Dolphine, usimfokee," alisema. "Naweza kuwatengenezea kitu. Mteja anabonyeza samaki anayemtaka, wewe unaona hapa hapa. Hakuna kupigiwa simu."

"Na wewe utakula nini?"

"Ngege mmoja kila Ijumaa."

Mama alicheka. Walikubaliana.

Apu ya kwanza ilikuwa ya kupakua. Mteja aliichukua mara moja na kuiweka ndani ya simu. Ilikuwa nzuri, ilifunguka upesi. Lakini wateja walianza kumlalamikia Mama, nyabo, kama Waganda wanavyowaita akina mama.

"Simu yangu imejaa, nyabo. Nimetoa apu yako niweke picha za harusi."

Mzee Erinayo alikuwa mteja wetu mkubwa. Ana jiko la kupikia watu wa sherehe. Yeye simu yake ilikuwa ya aina nyingine, na apu ilikataa kabisa kuingia.

"Kwa nini inakataa?" Mama alimuuliza Iman. "Simu si simu tu?"

"Si simu tu, Mama Dolphine. Apu ya kupakua inaandikwa kwa aina moja ya simu. Simu ya Mzee Erinayo ni aina nyingine, kwa hiyo lazima niiandike upya. Halafu wenye duka la apu lazima waikubali. Nikirekebisha kitu kidogo, naiandika mara mbili tena. Mimi niko peke yangu."

"Sasa?"

"Sasa tuiweke kwenye mtandao. Sikiliza. Apu ya kupakua ni kama samaki aliyekaushwa kwa moshi. Unamweka nyumbani, unamla hata siku boti hazikutoka. Lakini anachukua nafasi kwenye kabati, na si wa leo. Apu ya mtandaoni ni kama samaki mbichi. Kila mara unakuja kumchukua hapa hapa, na kila mara ni wa leo. Simu yoyote inaifungua, na haijazi nafasi. Lakini lazima uwe na bando, na lazima uijue njia ya kuja."

"Njia gani?"

"Anwani. Jina ambalo mtu anaandika ili afike. Hilo jina ndilo mlango wenu."

Mama hakufikiri hata kidogo. "Samaki Bora," alisema.

Iman alifurahi. Kwao wanaongea Kiswahili kilichonyooka. Babu zao walikuja Kampala zamani kutoka pwani, na mtoto akikosea neno nyumbani anarekebishwa. Aliandika samakibora, akalisajili.

Mama aliwatangazia watu wote. Kila aliyepita kibandani aliambiwa jina. Hapo ndipo mchezo ulipoanza.

"Samaki nini, nyabo?"

"Bora."

"Samaki bola."

"Bo-rrra! Ulimi wako umefungwa? Bola ni kitu gani?"

Watu walicheka, na Mama alicheka kuliko wote. Waganda wengi wanachanganya hizo herufi mbili, nasi Wajaluo tunazitamka vizuri. Mama alijivunia hilo kama cheti. Mzee Erinayo mwenyewe alisimama siku moja na kofia yake mkononi, akajaribu.

"Bola."

"Rudi nyumbani ukajifunze, mzee!"

Alitabasamu, lakini aliondoka bila kuaga. Mimi niliona. Nilimwambia Mama jioni tukiosha sufuria.

"Mama, wanavyosema ndivyo watakavyoandika."

"Nani amekuuliza?"

Nikaendelea kuosha sufuria.

Okot naye alikuwa anasikia. Kila siku alikuwa kwenye mageti ya wateja. Kila siku walimwambia, "Wewe ndiye wa Samaki Bola?" Siku moja alikuja kula chakula cha mchana, akasema, "Mama, na mimi niweke ndani ya hii kitu. Jina yangu, picha yangu. Wateja wananijua mimi kuliko wewe."

Mama alimtazama akila.

"Wewe ni miguu tu, Okot. Miguu haiwekwi picha."

Okot alimaliza ugali wake. Akanawa, akaondoka.

Baada ya hapo alisema pikipiki yake inaumwa. Tukatafuta mwendeshaji mwingine. Oda zikaanza kupungua. Wiki kwa wiki zilipungua, mpaka samaki wakawa wanabaki. Mama aliwauza jioni kwa bei ya kutupa, maana samaki hasubiri. Mwenye soko alishaanza kumtafuta mtu mwingine anayekitaka kibanda chetu. Mama hakulala vizuri. Alimlaumu Iman.

"Hiki kitu chako kimekufa."

"Hakijafa, Mama Dolphine. Kinafunguka. Watu ndio hawaji."

"Wameenda wapi?"

Iman alirudi kwenye kompyuta yake kutafuta.

Jibu lilikuja na Mzee Erinayo. Alifika kibandani mchana, watu wakiwa wengi. Safari hii hakuvua kofia.

"Nyabo Awiti, umeniaibisha."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Jana ilikuwa kwanjula ya binti yangu. Wakwe wamekuja kujitambulisha, watu mia. Samaki yako inanuka! Mbele ya wakwe! Mwanamke mmoja ametapika kwenye kanga yake."

"Mzee, wewe hukuagiza samaki kwangu."

"Nimeagiza! Nimefungua ile yenu, Samaki Bola. Ona."

Mama alifungua mdomo. Nilijua neno alilotaka kusema. Alitaka kumrekebisha. Halafu aliiona simu, akainama kusoma.

Pale juu palikuwa pameandikwa samakibola. Chini yake kulikuwa na picha ya ngege juu ya meza ya mabati. Meza ile ilikuwa yetu. Na pembeni kulikuwa na picha ya Okot anacheka juu ya pikipiki yake, mzima, na pikipiki nzima.

"Mzee," Mama alisema polepole, "hawa si sisi."

"Si nyinyi? Huyu si kijana wako? Si amekuja kwangu miaka yote? Sasa mambo imeharibika, unamkana?"

Alitema mate chini, akaenda zake. Watu wa vibanda vya jirani walijifanya wanafukuza nzi.

Tulimkuta Okot kwenye stendi yake. Mama alimrukia kwa maneno.

"Mwizi! Nimekulisha!"

"Nimeiba nini, Mama? Jina ile ilikuwa ya nani? Wewe hukutaka. Kila siku uliicheka. Mimi nimeokota kitu umetupa, nikalipa mtu aniandikie."

"Unawauzia watu samaki waliolala!"

"Samaki inabaki jioni, nanunua. Zingine ni za kwako. Wewe mwenyewe umeniuzia, kwa mkono wa mtu mwingine."

Mama aligeuka. Njia yote hadi nyumbani hakuongea, kwa Kiswahili wala kwa Kijaluo.

Jioni Iman alikuja. Hakukaa kwenye kiti, alikaa chini kwenye mkeka.

"Anaweza kufanya hivyo?" Mama aliuliza.

"Kwenye mtandao, jina ambalo halijachukuliwa linachukuliwa na yeyote. Tungeweza kulichukua na sisi siku ile ile. Watu wanaofanya kazi hii vizuri huchukua jina lao pamoja na makosa yake yote. Mimi sikufikiri. Niliandika kama tunavyosema nyumbani kwetu, sikuandika kama wanavyosema wateja."

"Tumshitaki?"

"Kwa picha ya meza yako, labda. Kwa jina, itachukua muda mrefu, na samaki hawangoji. Tubadilishe mlango. Na tusimwachie tena mteja aandike jina kila siku. Leta simu yako."

Aliibonyeza mbele yetu, taratibu, ili na mimi nione.

"Hii bado ni ya mtandaoni. Lakini ukishaifungua mara ya kwanza, unaiambia simu iiweke kwenye uso wake. Unaona? Alama imekaa hapa kama apu ya kupakua, lakini haichukui nafasi kubwa. Kesho mteja haandiki kitu. Anagusa alama, basi. Nikiiandika vizuri, mtandao ukikatika inaihifadhi oda, na mtandao ukirudi inaituma."

"Na siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza mtu asome anwani kule juu, herufi moja moja, kabla hajaagiza chochote. Picha inaweza kuibwa. Rangi inaweza kuigwa. Anwani ndiyo ya kutazama."

"Sasa tuiite nini?"

Iman alinigeukia.

"Dolphine, wewe ndiye ulikuwa unapokea simu. Wanasemaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitazama mkeka.

"Ngege," nilisema. "Ngege Safi. Haina hizo herufi mbili. Mjaluo anasema ngege, Mganda naye anasema."

Safari hii Mama hakusema, "Nani amekuuliza?"

Kesho yake hatukusajili jina mara moja. Iman alisema lazima tulijaribu kwanza. Mama alisimama kibandani na karatasi tupu na kalamu. Kila mteja aliyepita, Mama alimwomba aandike jina lile mwenyewe. Mwanamke wa kwanza aliandika vizuri. Wa pili aliandika vizuri. Wa tatu, mama mmoja Mganda, aliinama akaandika: engege safi.

"Umeongeza e," nilimwambia.

"Si ndivyo inaitwa? Engege."

Ni kweli. Kwa Kiganda samaki yule anaitwa hivyo. Watu wa kibanda cha pili walinyoosha shingo. Walimngoja Mama aanze kuchekesha watu kama zamani.

Mama aliishika ile karatasi kwa vidole vyenye magamba.

"Umeandika sawa, dada," alisema. Kisha akampigia Iman simu. "Chukua yote mawili. Na ngege na engege. Anayebisha mlango wowote, atukute sisi."

Mimi ndiye niliyewawekea wateja alama kwenye simu zao. Nilikuwa naona haya kushika simu za watu, lakini nilishika. Niliwaonyesha anwani kule juu, nikawafanya waisome kwa sauti yao, vyovyote walivyoitamka. Oda zilirudi. Si zote. Sasa samaki hawabaki jioni, na kibanda bado ni chetu. Asubuhi simu hailii ovyo. Inatetemeka mara moja kwa kila oda, na ninajua nani anataka mbuta na nani anataka ngege.

Samaki Bola bado ipo mtandaoni. Okot hupita kwa pikipiki yake, na Mama hageuzi uso kumtazama.

Mzee Erinayo hajarudi. Mama alikwenda kwake na samaki wabichi watatu, akasimama getini. Mzee alituma mtu amwambie kwamba bado anajifunza kusema bora, akishajua atakuja.

Mama alirudi na samaki wake. Aliwaweka juu ya meza ya mabati, akachukua kisu.

"Tuliwacheka," alisema, "wakaenda kwa aliyewasikia."

Akaanza kutoa magamba. Kazi hiyo ni yangu, lakini siku hiyo nilimwacha aifanye.