Kesho ya Fundi Mdogo

Jirani zangu, nyumba ninayowaeleza ilikuwa na watu wawili tu, baba na binti, na chumba chao cha mbele kilikuwa duka la kushonea. Baba alikata, binti alishona, na mdomo wa mzee ulifanya kazi kuliko mikono. Binti tulimwita Fundi Mdogo, ingawa alikwishatimiza miaka thelathini.

“Baba, mstari huo umeuchora mara tatu.”

“Hata mara kumi nitachora, mwanangu. Chaki ni ya kufutika. Mshono ndio unaobaki.”

Asubuhi moja mzee hakuamka. Tulijaa pale, tukalia, tukazika, kisha kila mtu akashika njia yake. Fundi Mdogo akabaki na cherehani mbili na furushi moja.

Furushini mlikuwa na gauni la Mama Mayai, jirani anayetuuzia mayai. Mzee alilikata siku moja kabla ya kufa, ili mama huyo alivae kwenye harusi ya bintiye. Vipande vilijaa mistari ya chaki: hapa kiuno, hapa bega, hapa alama kama mguu wa kuku, aliyoiweka kila alipokuwa na shaka. Fundi Mdogo alijua akishona atapiga pasi, na akipiga pasi mkono wa baba utatoweka. Akalifunga furushi, akaliweka kwenye kitanda cha marehemu.

Mama Mayai alipokuja, aliambiwa, “Njoo kesho.”

Akarudi. “Kesho, mama.”

Hapo ndipo tulipopotea sote. Nani hajaambiwa na fundi aje kesho? Tulicheka, tukasema kweli mtoto kamrithi baba yake. Hakuna aliyejiuliza mbona cherehani hazisikiki. Tulimwamkia dirishani, akajibu “sijambo,” nasi tukaenda zetu na ile sijambo. Ndani alimimina chai vikombe viwili, akanywa kimoja, kingine kikapoa mezani. Kila jioni alifungua furushi, akaipapasa mistari ya baba, akafunga. Wateja wengine aliwarudishia vitambaa vyao. Alikuwa mpweke, jamani, na sisi tulikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni pake.

Harusi ikapita. Mama Mayai alivaa gauni la kuazima, likambana makwapa, akacheza hivyo hivyo huku roho ikimuuma.

Wiki iliyofuata alikwenda kashika kiuno. “Nipe kitambaa changu, hata kama kimekuwa matambara.”

Fundi Mdogo akalileta furushi, akalifungua mezani penye mwanga. Vipande vilikuwa vitupu. Hapakuwa na kiuno wala bega. Ule mguu wa kuku nao ulikuwa umekwenda. Akaanguka kitini akalia, kilio ambacho hakukilia hata siku ya maziko.

“Nimemfuta mwenyewe, mama. Kwa vidole vyangu hivi.”

Mama Mayai alitazama vile vitambaa, akatazama vile vikombe viwili. Hasira ikamwisha.

“Mwanangu, mbona hukusema?”

“Ningesema nini? Kila mtu ana kazi zake.”

“Ungesema umeshindwa. Mimi nilidhani ni uongo wa mafundi tu.” Akavua mtandio, akasimama katikati ya chumba. “Haya, nipime.”

“Vipimo vyako vipo kwenye daftari la baba.”

“Vile ni vya zamani. Tangu hapo nimekula mayai yangu mwenyewe. Nipime wewe.”

Fundi Mdogo akacheka huku machozi yakimtoka. Akashika chaki ya baba, mstari wa kwanza ukaenda upande. Akaufuta, akachora mwingine, kisha akaketi kwenye cherehani. Mama Mayai naye alikaa pale mpaka mshono wa mwisho, akinywa kile kikombe cha pili.

Mafunzo

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mfiwa asijifungie na alichoachiwa akakipapasa mpaka kiishe. Kazi ya mzazi huishi ikiendelezwa. Na sisi majirani tusidhani msiba umekwisha kwa kuwa tumekwisha kuzika. Mfiwa akikujibu “sijambo” dirishani, usiondoke nayo. Zunguka mlangoni, uingie, ukae. Huenda chai yako inapoa.