Mlango Unaotaka Jibu

Ijumaa, saa kumi jioni.

Bosi aliufunga mlango wa chumba cha nyuma, kisha akakumbuka, akauacha wazi kidogo. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya Funguo. Tangu atoke jela, Funguo hakai chumba kilichofungwa. Hata nyumbani analala mlango wazi, mbu waingie wasiingie, na mkewe ameshazoea.

Mkewe ndiye Kipanya. Mwanamke mfupi, si mwingi wa maneno, fundi wa kompyuta. Alikaa kwenye boksi la karatasi, maana mbele ya chumba kile kulikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi na kila kona ilijaa majina ya maharusi. Breki, dereva, alikuwa ameegemea mashine ya kukatia, anatafuna njiti.

"Kesho," Bosi alisema. "Kipanya, eleza. Kwa lugha ya watu, siyo ya mashine."

Kipanya hakuinuka. "Kampuni inahamisha kompyuta zake zote kwenda kwenye mfumo mpya. Kazi nimepewa mimi. Za maofisini nimemaliza. Imebaki moja, ile inayoendesha milango ya stoo ya dhahabu."

"Mbona imebaki?"

"Programu ya milango ni kuukuu. Walioiandika walishafunga duka zamani. Mfumo mpya hauijui kabisa. Sasa nimeichezea shere. Ndani ya kompyuta mpya nimetengeneza kompyuta ya uongo, inayofanana na ile ya zamani kila kitu. Programu ikiamka inajiona iko kwake."

"Kama bibi yangu," Breki akadakia. "Tulimhamisha na kitanda chake na pazia lake. Kila asubuhi anauliza kuku wako wapi."

Walicheka. Hata Bosi alicheka, na Bosi si mtu wa kucheka.

"Kesho ndiyo siku ya kuhama," Kipanya akaendelea. "Asubuhi yote milango itajifungua na kujifunga, ving'ora vitalia hovyo. Walinzi wameshaambiwa wasihangaike. Mpaka saa sita, mkuu wao atakapokuja kupokea kazi."

"Na hapo sisi tumeshaingia mitini," alisema Bosi. "Milango yenyewe?"

"Mitatu. Wa stoo, unaopitia kwenye kijichumba cha ukaguzi. Wa nyuma. Halafu geti la uani. Ila ina wazimu wake. Ukifungua mlango wowote, kila baada ya muda skrini inakuuliza: Upo? Unabonyeza enta. Usipojibu, mlango unajifunga. Waliiandika hivyo ili mlinzi asisinzie."

"Sasa wewe utabonyeza au utatoka na sisi?"

"Kwenye mfumo mpya nimeweka kijiprogramu kinachojibu badala yangu. Tunatoka wote." Alimtazama mumewe aliposema wote. "Ila kuna miiko miwili. Kompyuta mpya isiguswe na waya wa mtandao. Ikionja mtandao tu itaanza kujisasisha, itajizima na kujiwasha yenyewe, na haiombi ruhusa ya mtu. Na ile ya zamani inabaki chini ya meza. Haitoki."

"Tuiache? Si ushahidi huo?"

"Fundi haitupi ya zamani mpaka mpya itulie, Bosi. Hilo tusibishane."

Bosi aliinua mikono kama aliyeshindwa. Wanaume wakatazamana. Waliyachukulia kama mambo ya mafundi tu, yale ya kugonga redio mara mbili kabla ya kuiwasha.

Jioni ile walirudi nyumbani kwa miguu, mke na mume. Funguo alimshika mkono njiani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu arudi. "Hii ya mwisho," akasema. "Baada ya hapa tunaishi kama watu." Kipanya aliamini. Alikuwa amemngoja mtu huyu kipindi chote cha kifungo, akimpelekea sabuni na dawa ya meno, akitukanwa na dada zake mwenyewe kwa ujinga wake. Asingeweza kuanza kumtilia shaka siku ambayo mambo yalikuwa yanakaribia kunyooka.

Jumamosi, saa tatu asubuhi.

Waliingia kwa mlango wa mbele kama watu wa kazi. Kipanya na kitambulisho chake halali, Funguo na cha kuchapwa palepale dukani, amebeba skrini mbili kifuani kama msaidizi.

"Shikamoo, baba," Kipanya alimwamkia mlinzi wa zamu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Marahaba, mwanangu. Leo mtatutoboa masikio na hivyo ving'ora vyenu."

"Mtuvumilie, baba. Mashine inahama."

"Ihame salama."

Kipanya alibaki kusaini. Funguo akatangulia chumba cha mitambo, kilichopo katikati ya korido ya nyuma. Alikuwa peke yake mle kwa muda wa mtu kuvua koti.

Saa nne.

Kila kitu kilikwenda kama maji. Kipanya aliiwasha kompyuta mpya. Ndani yake ile ya uongo ikaamka, na ndani ya ile ya uongo programu kuukuu ikafungua macho yake ya kijani bila kushtukia chochote. Upo? iliuliza. Kijiprogramu kikajibu. Mlango wa stoo ukaachia. King'ora kikalia. Kule mbele mlinzi mzee alisikika akisema kwa sauti, "Mashine inahama!" na mwenzake akacheka.

Funguo aliingia stoo. Kazi yake ilikuwa makabati ya ndani, yale yenye kufuli za kawaida, na mikono yake ilizijua kufuli kuliko ilivyowajua watu. Breki alikuwa uani na gari lenye maandishi ya mafundi. Bosi alikaa ndani yake, kwa nyuma, kompyuta ndogo magotini. Wote walikuwa na redio sikioni.

"Vipi?" Bosi akauliza.

"Mzigo uko tayari," Funguo alijibu. "Natoka."

Kipanya alitabasamu peke yake. Tabasamu hilo lilikuwa bado usoni skrini ilipogeuka bluu.

*Inasasisha. Tafadhali usizime kompyuta.*

Akayasikia mabamba mawili ya chuma yakijifunga, moja baada ya jingine, pande zote mbili za kijichumba cha ukaguzi. Funguo alikuwa katikati.

"Kipanya." Sauti ya mumewe ilikuwa imeshabadilika. "Kipanya, imefunga. Imefunga huku na huku."

"Najua. Tulia. Kaa chini, vuta pumzi."

"Fungua."

"Nafungua, mume wangu. Kaa chini."

Aliinama nyuma ya kompyuta kutafuta kilichotokea, na hakuhitaji kutafuta sana. Waya wa mtandao ulikuwa umechomekwa, mpya kabisa, umepitishwa kwa ustadi nyuma ya mguu wa meza ili usionekane. Hakuwa ameuchomeka yeye. Na chumba kile asubuhi kilikuwa kimeingiwa na mtu mmoja tu kabla yake.

Hakuwa na nafasi ya kulia. Redioni Funguo alikuwa ameanza kupiga mlango kwa viganja, halafu kwa kichwa. Kipanya aliivuta kompyuta ya zamani kutoka chini ya meza, akairudishia nyaya za milango, akaiwasha. Ikaguna. Iliamka taratibu kama mtu mzima anayetafuta kandambili zake, na yeye akasimama juu yake akiibembeleza kwa sauti: "Haya mama, haya, amka."

Saa tano.

Upo?

Kipanya akabonyeza enta. Mlango wa kijichumba ukaachia.

Funguo alitokea kwenye korido amelowa jasho, mikoba miwili begani na boksi la chuma mkononi. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mitambo. Alimkuta mkewe ameketi mbele ya skrini ya kijani, kidole juu ya kitufe.

"Twende," akasema.

"Siwezi. Hii ya zamani haina kijiprogramu. Lazima mtu ajibu. Nikiinuka, mlango wa nyuma unajifunga kabla sijaufikia." Alibonyeza. "Nani alichomeka waya?"

Funguo alitazama sakafu.

"Nakuuliza, mume wangu."

"Bosi aliutaka. Ili aingie kwenye kamera akiwa garini. Afute picha zetu."

"Zetu kina nani?"

Skrini iliuliza, Kipanya akabonyeza, na mumewe bado hakujibu. Hapo ndipo alipoelewa yote, na moyo ulimuuma kama kitu kilichobanwa mlangoni. Jina lake lilikuwa kwenye kazi. Kitambulisho chake kilikuwa cha kweli. Picha ambayo isingefutwa ilikuwa yake. Ule mkono ulioshikwa njiani jana ulikuwa wa kuagwa.

"Nilikungoja," akasema. "Nilikungoja wewe miaka yote ile."

"Siwezi kurudi ndani, Kipanya. Wewe unajua. Wewe peke yako ndiye unayejua."

"Basi usirudi. Weka hilo boksi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Utabaki wazi, nitafungua geti, Breki alizuie kwa gari, na mimi nitakimbia. Hayo mengine tutayaongea nyumbani."

"Nitaweka."

"Apa."

"Haki ya Mungu, nitaweka."

Akaenda. Kipanya akageukia skrini ndogo ya kamera, pembeni ya meza, jicho moja huko, jingine kwenye maandishi ya kijani. Alimwona mumewe amefika mlango wa nyuma. Alimwona ameinama, ameliweka boksi kizingitini. Akajikuta ameshanyanyuka nusu kwenye kiti.

"Acha hilo," Bosi alisema redioni. Hakujali nani anasikia. "Sura iliyobaki kwenye kamera ni yake tu. Ukimchukua, watakaomtafuta watakukuta na wewe kitandani. Ukimwacha, kesi imepata mtu, imekwisha. Chukua mzigo, twende."

Funguo alibaki ameinama. Aligeuza uso juu, kwenye kamera. Kisha akaliinua boksi, akaliweka begani, akatoka nalo kwenye jua.

Kipanya aliketi tena. Upo? iliuliza programu, na yeye hakujibu. Mlango wa nyuma ukajifunga.

Kamera ya uani ilimwonyesha gari likigeuza. Breki alikuwa akisema, "Bosi, shemeji yangu yule. Bosi, hivi sivyo," na Bosi akimwambia anyamaze aendeshe. Gari likasogea mpaka kwenye geti. Likasimama.

Geti lilikuwa limefungwa.

Breki akapiga honi. Hakuna kilichotokea. Ndipo Bosi, mwanaume wa mahesabu, alipokumbuka kitu alichokuwa ameelezwa jana mbele ya maharusi wote wale wa karatasi. Alikuwa amezoeshwa mashine inayojijibu yenyewe. Kwenye hii ya zamani, anayejibu ni mtu.

"Kipanya," aliita. Sauti ilikuwa imeshuka. "Mdogo wangu. Tuzungumze."

Kipanya aliondoa kidole kwenye kitufe.

"Fungu lako lipo palepale. Tutakuwekea mwanasheria. Naapa."

Alichokuwa anakitazama Kipanya ni mlango wa pembeni wa gari. Ulikuwa umeachwa wazi kidogo, kiasi cha kiganja, na vidole vya mumewe vilikuwa vimeushika usijifunge. Hata pale, katikati ya wizi, na mzigo miguuni, mtu yule alikuwa anahakikisha kuna upenyo.

Angeacha tu. Hakuwa na haja ya kufanya lolote. Saa sita mkuu wa walinzi angekuja akawakuta wote uani kama kuku kwenye tenga, na kila mtu angebeba msalaba wake. Alitaka sana iwe hivyo. Alimchukia Funguo kwa nguvu zake zote, na akamwona usiku wa kwanza wa jela, akigonga kichwa ukutani mpaka wenzake wamshike, kama alivyomsimulia mara moja tu, akiwa amelaza kichwa mapajani mwake.

Redio ilikwaruza. Haikuwa Bosi tena.

"Mke wangu," Funguo alisema.

Kipanya alilia sasa, kwa sauti, bila aibu, mkono mmoja mdomoni. Kwa mkono mwingine aliandika amri ya geti, na programu ilipouliza akajibu. Ilipouliza tena akajibu tena. Geti likafunguka taratibu. Gari lilipita. Lilipinda kushoto, likatoka kwenye kamera, na mlango wake wa pembeni ulikuwa bado haujafungwa.

Alivua redio sikioni, akaiweka mezani. Nyuma yake kompyuta mpya ilimaliza kujisasisha, ikamkaribisha kwa wimbo mfupi.

Saa sita.

Mlinzi mzee ndiye aliyemkuta. Alikuja na mkuu wake na askari wawili. Alimtazama Kipanya, akatazama stoo iliyo tupu, akavua miwani yake, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

Askari mkubwa alivuta kiti, akaketi mbele yake. Hakuwa mkali. Alionekana mtu aliyechoka kabla ya siku yake kuanza.

"Wenzako wako wapi?"

"Wameondoka."

"Walikuwa wangapi?"

Kipanya alitazama mikono yake.

"Korido ni hiyo hapo, geti lilifunguka," askari alisema. "Na wewe ndiye mwenye milango. Kwa nini hukukimbia?"

"Milango ilihitaji mtu wa kuishika."

Askari alingoja aone kama kuna zaidi. Alisimama, akatoa pingu mfukoni, na kwa sababu mikono ya mwanamke yule ilikuwa midogo mno, ilimbidi azikaze mpaka mwisho.