Maji ya Twalibu

Kila asubuhi Bi Mwanvita huipita chemchemi ya Kinole akiwa na ndoo tupu. Marehemu mumewe, Twalibu, ndiye aliyeijengea kwa mawe. Sasa imezibwa kwa magogo. Mwaka juzi watu waliugua kuhara, kijiji kikaiogopa. Bi Mwanvita huteka mtoni, na maji ya huko hayamkati kiu. Anayatamani maji ya Twalibu, maana ndiyo yaliyobaki ya Twalibu.

Siku moja alikinga chupa penye upenyo wa magogo, akaipeleka mjini Morogoro kwa Joyce, mtafiti wa maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli tu."

Joyce akadondosha dawa kwenye maji.

"Hii ni polima, bibi. Ni vipande vidogo vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Tumeitengeneza iyeyuke majini. Kila kijidudu kina vinasaba vyake, yaani alama za uzao wake. Polima ikivinasa vya kijidudu cha kuhara, hung'aa kwenye taa hii ya bluu."

Akawasha taa. Maji yakang'aa rangi ya njano.

"Basi, Twalibu amekufa mara ya pili," akasema Bi Mwanvita.

Joyce hakuridhika. Akatia maji safi ya maabara kwenye chupa ileile, na dawa ileile. Nayo yakang'aa!

"Chupa hii ilikuwa na nini, bibi?"

"Unga wa manjano wa kuuza sokoni Mkuyuni. Lakini niliisuuza mara tatu!"

Joyce akacheka. "Manjano nayo hung'aa kwenye taa hii. Maji ya kupima hutiwa kwenye chupa mpya. Ila na mimi nimekosea. Kinole kila jiko lina manjano, yatatudanganya tena. Nitaiunda upya polima, iwake nyekundu."

Miezi saba ikapita. Majirani walimwambia Bi Mwanvita subira huvuta heri. Alijibu kwamba heri yake inapanda mlima kwa miguu.

Hatimaye Joyce alifika Kinole na vichupa vipya viwili. Kimoja alikitia vinasaba vya kijidudu kwa makusudi, aone kama dawa inafanya kazi. Kikawaka nyekundu. Cha pili kilikuwa na maji ya chemchemi. Hakikuwaka. Akarudia mara tatu.

"Kijidudu tulichokitafuta hakimo," akawaambia wanakijiji. "Lakini viko vingine. Wekeni uzio mbuzi wasifike. Na maji ya kunywa yachemsheni."

Magogo yakaondolewa. Bi Mwanvita akateka, akachemsha, akayapoza mtungini. Jirani yake Hidaya akamtazama akinywa.

"Yakichemshwa si hupoteza ladha?"

Bi Mwanvita akanywa tena.

"Ni yaleyale," akasema. "Twalibu, ni yaleyale."

Kisha akalia, kikombe mkononi.