Gitaa la Candida

Candida alikuwa ameshang'oa nyuzi zote za lile gitaa la besi, kazilaza juu ya gazeti, ndipo gitaa likalia.

Dum. Mara moja tu, zito, kama mtu aliyejipiga kifua.

Ilikuwa mchana kweupe, ukumbini kwa mama mwenye nyumba wake, Bi Moza, katikati ya Kariakoo. Gitaa alilinunua mitumbani, limeshuka na kontena, kutu tupu. Bila hilo bendi isingempandisha jukwaani Jumamosi.

"Joto hili linatanua mbao," alijiambia, akaendelea kusugua. Kitambaa kikatoka na unyevu mweusi, unanuka udi na samaki aliyeoza.

"Candida, mwanangu, nani anapi..." Sauti ya Bi Moza ikakatikia jikoni. Candida alimkuta sakafuni, mdomo wazi, na kilichotoka humo hakikuwa maneno bali mvumo ule ule wa besi.

Jirani yao Maalim Anuari, anayewasomea wagonjwa dua, aliitwa. Alisoma, akafukiza ubani, akatota jasho.

"Ni jini," alinong'ona. "Hataki gitaa lake liguswe. Kalitupe baharini, atamwachia."

"Na atakayeliokota?"

"Hilo si lako, binti."

"Nakuheshimu, maalim. Lakini silitupi."

Akaketi mbele ya Bi Moza, akaanza kufunga nyuzi mpya. Kila alipokaza mmoja, kelele za Kariakoo zilizidi kuzimika, kwanza spika ya muuza sumu ya panya, kisha honi za bodaboda, kisha hata wabeba mizigo wanaoomba njia, mpaka akabaki anasikia pumzi yake tu, na nyuma ya sikio lake pumzi nyingine, ya baridi, yenye udi, na vidole asivyoviona vikamshika vyake kimoja kimoja, vikavibana kwenye nyuzi hata damu ikachuruzika juu ya mbao alizozisugua tangu asubuhi.

"Langu," mdomo wa Bi Moza ukavuma.

"Lilikuwa lako!" Candida alisema, meno yakigongana. "Ukaliacha likaoza. Nimelisafisha mimi. Unataka muziki? Mwachie mama wa watu, unifuate mimi. Nikipiga, fuata. Nikinyamaza, nyamaza."

Akapiga. Vile vidole vilimvuta, naye akavivuta zaidi, analia huku anapiga, mpaka Bi Moza akakohoa na kuomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Makelele ya mtaa yakarudi kwa mkupuo.

Jumamosi, katika ukumbi mmoja jirani na Mnazi Mmoja, watu walicheza mpaka viti vikasogezwa ukutani. Katikati ya wimbo Candida akahisi ubaridi ukiteleza juu ya vidole vyake, ukivisukuma viende mbio.

"Taratibu," alisema bila kugeuka. "Hapa naongoza mimi."

"Unaniambia mimi?" Allen, mpiga ngoma wao, akauliza.

"Hapana. Wewe endelea."

Na nyuma ya sikio lake, ile pumzi ikapunguza mwendo.