Paka wa Kaunta

Kahambu alitoa betri kwenye tumbo la paka akazitia kwenye redio, maana habari za vita zilikuwa muhimu kuliko mchezo. Paka akaendelea kukoroma.

Alikuwa paka wa mashine, mdogo kama ngumi ya mtoto, mwenye manyoya ya kijivu na macho ya taa. Paluku, mume wa Kahambu, alimnunua kwa mchuuzi mmoja aliyeshuka na ndege ya mizigo. Ukimpapasa mgongo alifumba macho na kukoroma, na mwenye kumpapasa akatulia. Paluku alihitaji kutulia. Walikuwa Wanande kutoka Butembo, wana duka la jumla la chumvi, sabuni na vitenge pale mtaa wa Makiso, na mwaka ule majeshi mawili ya kigeni yalikuwa yameugawana mji wa Kisangani, yakitazamana kwa bunduki.

"Paluku, sikiliza," Kahambu alinong'ona. "Nimeisha kutoa mapile, betri zote."

"Bon, labda iko na ingine ndani." Mume hakumtazama. Vidole vyake havikuyaacha yale manyoya.

Tangu siku hiyo duka lilianza kunuka: harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi, na chini yake harufu ya nywele zenye jasho. Kahambu alimwinua paka ili apanguse kaunta, nusura amwangushe. Alikuwa mzito kama jiwe la mizani, na moto kama mtoto mwenye homa. Mikono ya Paluku ilikuwa baridi hata anapotoka juani.

Askari mmoja kijana aliingia, akabeba mabunda ya vitenge, akaondoka. Paluku, ambaye zamani alitetemeka akisikia buti tu mlangoni, alitabasamu. "Achukue." Kisha ikaja habari mbaya zaidi: Nephtali, mdogo wake wa tumbo moja, ameuawa kwenye barabara ya Banalia. Kahambu alianguka chini akalia. Paluku alimpapasa paka.

"Ni vile," alisema. "Ni vile tu."

Mama Berthe alikuja kutoa pole. Alikuwa muuza samaki, wa jamii ya wavuvi wa kule kwenye maporomoko, na ndiye watu waliyemwita mtu akisumbuliwa na pepo. Alifika kizingitini akasimama, pua imekunjamana.

"Mama Kahambu, toka inje kidogo." Wakiwa nje akashusha sauti. "Ile kitu iko nakula bwana yako."

"Ile? Iko mashine tu."

"Mashine ni nyumba. Mwenye nyumba ni jini. Hii haitaki damu, inakunywa uchungu. Inaanza na woga, inafwata na kilio, kisha moyo inasimama."

"Nifanye nini, mama?"

"Alie mufu wake. Akilia, itakosa chakula. Lakini weye, usiishike sana. Iko tamu."

Kahambu alijaribu. Alimletea Paluku picha ya Nephtali, akamletea shati lake. Paluku alivitazama vyote kwa upole, kama vitu vya mgeni aliyepita.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mabomu yakaanza. Watu walikimbia na magodoro vichwani. Kahambu alimvuta mume wake mkono, lakini hakuinuka. Ndipo paka akafumbua macho, na ndani ya kule kukoroma ikatoka sauti ya Nephtali, ya polepole, ya karibu sana.

"Kaa, yaya, kaka yangu. Hakuna kitu."

Kahambu alimnyakua yule paka kwa mikono miwili ili amtupe, na papo hapo utamu ukampanda kutoka vidoleni hadi mabegani, mabomu yakawa mbali kama kinu cha jirani, vumbi la dari likawa linashuka kama unga, akaona ni vizuri kukaa, kukaa tu pale karibu na magunia ya chumvi, na ile sauti ikamwambia tua, shemeji, woga ni mzigo, tua, naye alikuwa amekwisha kuinama alipouona uso wa mume wake, macho wazi, midomo imepauka, tabasamu lilelile, akautafuta woga wake ndani kama mtu anavyomtafuta mtoto aliyepotea sokoni, akaupata, mdogo, unatetemeka, akaushika usimponyoke.

"Woga ni yangu!" alipiga kelele. "Kilio ni yangu! Walimuua Nephtali ku barabara, na weye unasema hakuna kitu?"

Akamrusha paka nje. Akamzaba mume wake kofi, akamshika kichwa, akaanza kumlilia marehemu kwa sauti, "Nephtali eee! Nephtali!" mpaka midomo ya Paluku ikacheza.

"Mudogo yangu," Paluku alisema. Kisha kikamtoka kilio kibaya, cha mtu aliyenyimwa kulia muda mrefu, na mikono yake ikapata joto.

Walipotoka wakamwona yule askari wa vitenge. Alikuwa amemwokota paka. Amekaa katikati ya barabara, bunduki imelala chini, anapapasa na kutabasamu, risasi zikichana majani juu yake.

"Twende!" Paluku alilia. "Ni ule mwizi!"

"Ninajua."

Kahambu alikimbia kwake akampiga paka teke. Paka akatoka kiganjani, akaanguka mtaroni bado akikoroma, na maji machafu yakambeba chini ya barabara. Askari aliitazama mikono yake, akaitazama mbingu, akapiga ukelele kama mtoto, akakimbia.

Walipata hifadhi mtaa wa Kabondo, kwa ndugu zao. Huko Paluku alilia kutwa nzima. Jirani, papa Constant, akaja dirishani akinong'ona.

"Mama, umwambie anyamaze. Waaskari watamusikia."

Kahambu alikuwa sakafuni kando ya mume wake, anatetemeka mwili mzima. Aliinuka hivyohivyo, akalifungua dirisha lote.

"Wamusikie," alisema.